Lenzi kubwa ya mtumba siyo chuma chakavu kama mnavyodhani

Mtu akiuliza kama anunue lenzi ndefu iliyotumika, zile 500mm f/4 au 600mm f/4 za miaka ya nyuma (mm kubwa inavuta mbali zaidi, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni pana na mwanga unaingia mwingi), apige nayo picha za ndege na wanyama, jibu linakuja lilelile: achana na hilo chuma, chukua zumu mpya (lenzi inayovuta na kurudisha) yenye waranti ulale usingizi. Wanaosema hivyo nawaelewa na kuna mahali wako sahihi kabisa, ila naona wanapima kitu kingine, siyo kile mnunuzi anachokitafuta.

Zumu za siku hizi ni nzuri, hilo halina ubishi. Sony 200-600mm ya 2019 ina kilo 2 na kidogo, Canon EF 500mm f/4 IS (IS ni kituliza mtikisiko) ya 1999 inakaribia kilo 3.9, na 600mm ya mwaka huohuo inapita kilo 5. Tembo akikusogelea mwenye zumu anarudisha tu nyuma, mwenye 500 anabaki na picha ya sikio. Kama unatembea kwa miguu kutwa nzima chukua zumu, wala usisome zaidi.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana hapa ndo watu wanapita haraka sana. 500mm f/4 ina tundu la 125mm, zumu ikivutwa hadi 600mm kwenye f/6.3 tundu lake ni kama 95mm. Tofauti ya f/4 na f/6.3 ni stopu moja na theluthi (kila stopu ni mwanga mara mbili), ukiisikia hivyo unaona kitu kidogo, lakini iweke kwenye saa ambazo wanyama wanafanya mambo yao, alfajiri kabla jua halijapanda na jioni likishazama. Mwenye f/4 anapiga shata 1/1000 (sekunde moja kwa elfu) kwa ISO 3200, ISO ikiwa ni wepesi wa kamera kudaka mwanga, ukiipandisha picha inaota chengachenga. Mwenye zumu aende ISO 8000 au ashushe shata mpaka 1/400, na kwa 1/400 ndege anayeruka mabawa yake mara nyingi yanatoka na ukungu, hata miguu ya mnyama anayekimbia. Mchana jua likiwa kali wote mko sawa, tena zumu inamshinda mwenzake kwa wepesi, tatizo mchana simba amelala.

Najua jibu litakalokuja, kwamba programu za kuondoa chengachenga zimekuwa kali siku hizi. Kweli zimekuwa kali, lakini si hata mwenye f/4 anazitumia? Pengo linabaki palepale, limehamia tu kwenye ISO za juu zaidi. Halafu kuna mandhari ya nyuma, yale majani na vijiti nyuma ya ndege, f/4 inaviyeyusha vyote wakati f/6.3 inakuachia fujo.

Wengine wanasema zumu inafika mbali zaidi, 600 kwa 500. Funga telekonvata ya 1.4x (kipande cha vioo kinachokaa kati ya lenzi na kamera na kuongeza mvuto) kwenye ile 500 unapata 700mm f/5.6, yani mbali zaidi na bado mwanga mwingi kuliko zumu. Kufokasi kunakuwa kuzito kidogo, sikatai.

Na kwanini zimeshuka bei? Siyo kwamba vioo vimeoza, ni kwa sababu watu wengi wamehamia kamera zisizo na kioo cha kurusha picha wakataka lenzi za maunti mpya, yani mdomo mpya wa kufungia lenzi. Lenzi za EF, maunti ya zamani ya Canon, zinafanya kazi vizuri kwenye bodi za R (kamera zake mpya zisizo na kioo) kwa adapta, ingawa bodi nyingine hazifyatui picha mfululizo kwa spidi yake yote ukifunga lenzi ya zamani. Kwa Nikon angalia kwamba ni AF-S, yani yenye mota yake ndani, maana zile zinazozungushwa na mota ya bodi ukizifunga kwenye FTZ, adapta ya Nikon ya kamera zake mpya, hazifokasi zenyewe.

Hofu ya kweli, na hapa nawapa haki yao wapinzani, ni spea. Kampuni ikiacha kutengeneza modeli, spea zinaendelea miaka kadhaa halafu basi, mota ikifa hapo imekufa. Kwa hiyo mi nasema pigia hesabu bei kama vile haitatengenezeka kamwe, ukiona bado inakulipa, nunua. Mikwaruzo ya mwilini na rangi iliyobanduka isikutishe, hiyo ni nafasi ya kupunguziwa. Mulika tochi ndani utafute kuvu (vumbi kidogo siyo kuvu), sikiliza mota ikifokasi mfululizo kama inapiga mluzi, na uhakikishe ile droo ndogo ya filta ya 52mm ipo na kioo chake, kile kioo ni sehemu ya hesabu za lenzi, siyo pambo.

Ila siyo kila kikongwe kinatetewa. Baadhi ya Canon za kabla ya 1999, kama EF 500mm f/4.5 na 600mm f/4 isiyo na IS, hata ukifokasi kwa mkono ile ringi inaiamuru mota, haisukumi vioo yenyewe. Mota ikikata huna otomatiki wala mkono. Hiyo hata muuzaji akikushushia nusu bei, mwachie.