Raifo ya nyati ya kujiundia nyumbani: fundi tunaye, mtutu je?

Jamaa yangu wa Area C kaona video ya Mmarekani aliyejiundia gereji kwake raifo ya kaliba .416 (upana wa risasi kwa inchi), tangu siku hiyo hatulii, eti mafundi tunao, kwanini sisi mpaka tukanunue?

Swali sio la kijinga. Kule sheria ya shirikisho inamruhusu mtu asiyezuiwa kumiliki silaha ajiundie bunduki ya matumizi yake, na wengi hawaanzi na chuma kitupu, wananunua mtambo wa Mauser 98 (sehemu ya kupakia na kufyatua risasi) na mtutu wa kiwandani ndo wanaunganisha. Faida ipo. Ya dukani imepimwa kwa mtu ambaye sio wewe, na .375 isiyokukaa begani teke lake utalikumbuka wiki nzima, mtu akishaogopa teke anafumba macho kabla hajafyatua, nyati anaondoka na jeraha af wewe ndo unatakiwa umfuate kwenye vichaka vya Itigi ambavyo huoni hata hatua tano mbele.

Na ufundi upo kweli. Manyoni nilishakaa na mzee mmoja anachonga kitako cha bunduki cha mninga, anapaka chuma masizi ya kibatari, anakibandika kwenye hicho kitako, anatoa, panapobaki weusi anakwangua kidogo, anarudia, toka asubuhi mpaka adhana ya alasiri na alikuwa hajaridhika.

Ila nilipomgusia mtutu alicheka tu. Gobore linatumia baruti nyeusi, presha yake ndogo, na bado wenye jicho moja tunawajua. Sasa .375 H&H, risasi ya tangu 1912 na ndo kaliba ya chini inayokubalika kwa nyati, inafika psi (kipimo cha presha) 60,000 na ushee, wakati tairi la gari lina 30, yani mara elfu mbili, na hiyo yote inapasukia karibu na shavu lako. London kuna chama cha mafundi bunduki cha tangu 1637 chenye nyumba ya kujaribia mitutu, inapigwa kwanza kwa presha iliyozidishwa, ikipona ndo inagongwa muhuri. Fundi wa uani atajaribia wapi, kwenye bega la mteja?

Hapo sijagusa sheria yetu ya silaha ya 2015, kutengeneza bila leseni ni kosa, mjadala umeisha. Wapo wanaosema inaua ufundi wa wazee, nawaelewa nusu, maana mkulima asiye na gobore analiwa mahindi na nguruwe pori na usiku hapati usingizi, lakini mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo nako ujangili umeumiza sana.

Nikamwambia jamaa nunua ya kiwandani kwa kibali, kitako ndo upeleke kwa fundi mwenye leseni akuchongee cha mninga kikukae. Kanijibu kitako peke yake hakina raha ya kusimulia.