Kobe wa Umeme wa Bristol: Mfano wa Uhai au Kiinimacho?

Kati ya mwaka 1948 na 1949, William Grey Walter, mtafiti wa ubongo katika Taasisi ya Burden mjini Bristol, Uingereza, alitengeneza mashine mbili ndogo za magurudumu matatu zilizofunikwa kwa gamba. Aliziita Elmer na Elsie, na kwa umbo na mwendo wao watu wakawaita kobe. Walitambaa sakafuni wakitafuta mwanga, wakigonga kiti walirudi nyuma na kukizunguka, na betri zikikaribia kuisha walirejea kibandani kujichaji. Ubishi juu yao haujaisha hadi leo: je, walitufundisha lolote kuhusu ubongo, au walituchezea macho? Kwa maoni yangu walitufundisha jambo kubwa, ila si lile ambalo watazamaji wengi walidhani wameliona.

Kwanza tumfungue kobe mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na valvu mbili za redio (mirija ya kukuza ishara za umeme), mota moja ya kusukuma na nyingine ya kugeuza usukani, jicho la umeme lililofungwa kwenye mhimili wa usukani, na swichi iliyojifunga gamba lilipoguswa. Gizani usukani ulizunguka bila kukoma na jicho likazunguka nao, likipekua chumba kizima. Likipata mwanga wa wastani, usukani ulisimama na kobe akaufuata. Mwanga ukiwa mkali mno, aliukwepa. Gamba likigusa kizuizi, saketi ilianza kupigapiga: sukuma, geuka, sukuma tena, huku mwanga ukipuuzwa mpaka njia ipatikane. Betri ikichoka, valvu zilipoteza nguvu ya kukuza ishara, hivyo taa kali ya kibandani iliyokuwa ikimfukuza ikaanza kumvuta. Hakuna sehemu ya saketi iliyoandikiwa "njaa". Kilichokuwepo ni volti iliyoshuka.

Wanaomtetea Walter wanaanzia hapo. Hoja yake ilikuwa kwamba utajiri wa tabia hautokani na wingi wa seli za ubongo pekee, bali na namna zinavyounganishwa. Kama valvu mbili tu, zilizosimama badala ya seli mbili, zinatosha kutoa upekuzi, ufuasi, ukwepaji na kurudi nyumbani, basi hatulazimiki kumweka mwenye kuamua ndani ya kila mnyama anayeonekana kuamua. Hoja hiyo haijapoteza nguvu. Kabla ya kobe, mtu aliweza kusema kwamba tabia yenye lengo haiwezekani bila fikra. Baada yao, anayesema hivyo ana wajibu wa kueleza Elsie alifikaje kibandani.

Upande wa pili una jibu zito. Kuonyesha kwamba njia fulani inatosha si kuonyesha kwamba ndiyo njia ambayo mnyama anaitumia. Kosa hilo lilikuwa limeshafanyika. Mwaka 1912 Wamarekani John Hammond na Benjamin Miessner walitengeneza "mbwa wa umeme", sanduku lenye macho mawili ya seleniamu, kitu kinachohisi mwanga, lililofuata tochi popote ilipokwenda. Mwanabiolojia Jacques Loeb aliichukua mashine hiyo kama ushahidi wa nadharia yake kwamba mdudu anayefuata taa huburutwa na mwanga kimakanika. Lakini sanduku kufuata tochi hakutuambii chochote kuhusu neva za mdudu. Kunatuambia tu kwamba sanduku linaweza.

Jaribio la kioo ndilo linalonisumbua zaidi. Kobe alikuwa na taa ndogo kichwani iliyozimika kila jicho lilipokamata mwanga. Akiwekwa mbele ya kioo, aliiona taa yake mwenyewe, ikazimika. Ikizimika, hakukuwa tena na cha kuona, hivyo ikawaka. Matokeo yake yalikuwa kumetameta na kuyumbayumba mbele ya kioo, dansi ya ajabu kabisa. Walter aliandika kwamba tabia hiyo ingeonekana kwa mnyama, ingeweza kukubaliwa kuwa dalili ya kujitambua kwa kiasi fulani.

Sentensi hiyo inasomeka kwa namna mbili, na nadhani wasomaji wengi walichagua iliyo mbaya. Walisoma kwamba mashine imeanza kujitambua. Usomaji wenye faida ni kinyume chake: vigezo vyetu vya kumpima mnyama kwa macho ni hafifu mno. Mjini Bristol hapohapo, mwanasaikolojia Conwy Lloyd Morgan alikuwa ameshaonya, katika maandishi yake ya mwaka 1894, kwamba tendo la mnyama lisielezwe kwa uwezo wa juu wa akili ikiwa uwezo wa chini unatosha kulieleza. Kobe mbele ya kioo alikuwa kielelezo cha onyo hilo chenye magurudumu. Walter angeweza kuliweka wazi kwa kukata waya wa taa mbele ya hadhira na kuwaonyesha dansi ikifa. Badala yake simulizi zake ziliachia tafsiri zote mbili zielee, na kwa hilo namlaumu. Aliyekuwa akisoma mawimbi ya ubongo wa wagonjwa kwa umakini mkubwa alipaswa kuwapa kobe wake vipimo vingi zaidi na hadithi chache zaidi.

Hata hivyo, wakosoaji hukosea wanapoishia hapo. Walter alitengeneza pia saketi aliyoiita CORA, ya kuiga mwitikio wa kufunzwa aliouchunguza mwanasayansi Mrusi Pavlov kwa mbwa. Filimbi ikipulizwa mara nyingi pamoja na mwanga au mguso, mwishowe filimbi peke yake ilitosha kuleta mwitikio. Isipoambatanishwa tena, mazoea hayo yalififia. Miaka michache baadaye, huko Szeged, Hungaria, Dániel Muszka alitengeneza kwa lengo kama hilo mdudu wa umeme mwenye gamba la madoa. Uzito wa CORA kwangu ni kwamba ilimlazimu Walter ahesabu kazi ambazo lazima zifanyike ili tukio moja liwe ishara ya jingine, naye akazipata saba. Mojawapo ni kuishikilia alama ya tukio la kwanza mpaka la pili litokee. Ukiandika kwa maneno unaweza kusema "mnyama huhusisha" ukaendelea na aya inayofuata. Fundi mwenye waya mkononi hana ruhusa hiyo.

Uhandisi umeshatoa uamuzi wake. Mtaalamu wa roboti Rodney Brooks, aliyevutiwa na kobe hao tangu ujanani Australia, alikuja kujenga roboti zinazotegemea miitikio myepesi badala ya ramani kubwa ya dunia. Kwa sayansi ya ubongo uamuzi ni mgumu zaidi, na ushahidi ninaouthamini kuliko yote umo katika kazi ya baadaye ya Walter mwenyewe. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kwamba, mtu akipewa ishara ya tahadhari na kusubiri ishara ya pili ili abonyeze kitufe, volti ya sehemu ya mbele ya ubongo wake hubadilika polepole katika muda ule wa kungoja. CORA haikuliona wimbi hilo, wala isingeweza; lilipatikana kwa elektrodi, yaani vipande vya kupokea umeme, kwenye vichwa vya watu. Lakini swali la nini hushikilia tukio la kwanza hadi la pili lifike, Walter alikuwa ameshalazimika kulijibu kwa waya zaidi ya miaka kumi kabla.