Julia alipolala

Katika riwaya ya 1984 ya George Orwell, iliyotoka Juni 1949, kuna tukio linaloniudhi na kunichekesha kila ninapolisoma. Winston Smith amepata kitabu cha siri cha Goldstein, adui mkuu wa Chama kinachotawala. Anamsomea mpenzi wake Julia kwa sauti, chumbani juu ya duka la mzee Charrington, na Julia anapitiwa na usingizi. Wasomaji wengi huanzia hapo kumhukumu: Winston ndiye mwasi, huyu anajitafutia raha zake tu. Winston mwenyewe amewahi kumwambia kwamba uasi wake ni wa kiunoni kushuka chini.

Hukumu hiyo ina mashiko. Kazi ya Winston katika Wizara ya Ukweli ni kuandika upya magazeti ya zamani ili utabiri wa Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama, usionekane kukosea. Anaujua uongo kwa sababu anaupika mwenyewe. Aliwahi kushika kipande cha gazeti kilichoonyesha kwamba Jones, Aaronson na Rutherford, vigogo wa zamani wa Chama, walikiri makosa ambayo hawakuyatenda. Julia akisimuliwa hashtuki. Hata kwamba miaka minne tu nyuma dola yao, Oceania, ilipigana na Eastasia, si Eurasia, amekwisha sahau, na akikumbushwa hajali: vita havikomi na habari zote ni uongo. Dola inayofuta kumbukumbu itake raia gani tena?

Lakini tumsikilize vizuri. Ni Julia anayesema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba huenda mabomu yanayoanguka London yanarushwa na serikali yenyewe ili watu waishi kwa hofu. Wazo hilo halikuwahi kumjia Winston, pamoja na usomi wake. Ni yeye pia anayemweleza kwa nini Chama kinachukia mapenzi: mtu aliyeridhika hana hamu ya kuandamana na kupiga kelele. Kisha mbele ya O'Brien, kigogo wa Chama wanayemdhania kuwa mwasi mwenzao, wanapoulizwa kama wako tayari kuua, hata kummwagia mtoto tindikali usoni, Winston anaitikia. Wanapoulizwa kama watakubali kutengana milele, anayedakia "hapana" ni Julia.

Na kile kitabu? O'Brien anakuja kusema kwamba yeye ni mmoja wa waliokiandika. Kama ni kweli, Winston alikesha na chambo, na Julia akakilalia. Kwangu mimi, kiu ya Winston ya kupata mtu wa kumwelewa ndiyo iliyompeleka mlangoni kwa O'Brien. Julia naye alifuata, ndiyo, lakini kabla ya hapo alikuwa ameikwepa mitego kwa miaka. Alipokosea ni pale alipoamini kwamba Chama hakiwezi kuingia ndani ya moyo wa mtu. Chumba namba 101, mahali ambapo mfungwa hukutanishwa na kile anachokiogopa kuliko vyote, kiliwaingia wote wawili.

Mzani wangu unaelemea kwa Julia, ila Parsons, jirani yake Winston, hunitia mashaka. Yeye hakuasi kwa kitabu wala kwa kitanda. Alikipenda Chama kama mtoto anavyopenda sikukuu. Naye alilala, na usingizini akasema "Kaka Mkubwa aangamizwe". Binti yake wa miaka saba alikuwa akisikiliza kwenye tundu la ufunguo. Tunamkuta Parsons mahabusu, akijivunia malezi aliyompa.