Dawa za saratani si chanjo

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba wagonjwa wa Kusini wanafuata "dawa za kuzuia saratani" Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na huku Newala wazazi wameshaanza kuuliza kama mabinti zao nao wapelekwe. Hao wanachohitaji ni chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa tangu 2018, bure, hapahapa. Dawa unazozisema wewe, za kemotherapi, ni za aliyekwisha kuugua. Zinaua seli zinazogawanyika haraka, na kwa kuwa nywele na utando wa mdomo navyo hukua haraka, vinaumia humohumo. Damu pia. Ndiyo maana hupimwa kabla ya kila mzunguko wa dawa. Chembe za damu zikiwa chini mgonjwa anaambiwa asubiri, na nauli ya basi ndiyo imekwenda hivyo!

Shangazi yangu alichomwa ile nyekundu, doksorubisini, jioni mkojo ukatoka mwekundu. Wapangaji wenzetu wakasema kalogwa. Kumbe ni rangi ya dawa tu, siku mbili ikaisha.

Mionzi ni tiba nyingine kabisa. Na tamoksifeni ya saratani ya matiti ni kidonge, mtu anameza nyumbani miaka 5 hadi 10. Mngetaja aina ya tiba, mgonjwa wa Tandahimba angejua anasafiria nini.