Faili Linatumika

Kompyuta imenionya tena leo: nafasi imekwisha. Imekwishaje? Video nilishafuta, hata zile za harusi za watu nisiowajua. Kupekuapekua, kumbe mlaji ni programu moja ya kuhariri video, imerundika gigabaiti 180 kwenye folda iliyofichwa. Nafichwa mambo kwenye kompyuta yangu mwenyewe!

Haya, nikatoa diski ya nje kwa utulivu wa mtu mzima. Terabaiti 1, ukiichomeka unasomewa gigabaiti 931. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta kwa 1,024. Hasara wamenipa mimi. Na imekuja na FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili: diski tupu kabisa lakini faili la gigabaiti 4 linaikwama kooni. Nikaifomati kwa exFAT, mpangilio unaomeza faili kubwa. Tuendelee.

Nikabofya hamisha. "Faili linatumika na programu nyingine." Programu gani, mheshimiwa? Haisemi. Nikaifunga ile ya video. Linatumika. Nikafunga kivinjari, huenda ndiye mchochezi. Linatumika. Nikafunga muziki, nikafunga hadi kikokotoo, maskini, kimekosa nini? Linatumika! Kwenye orodha ya kazi zinazoendelea nikakuta programu imeondoka lakini imeacha wasaidizi: wa kusasisha, wa kusawazisha na mtandao, wa kupeleka ripoti za hitilafu. Namfukuza wa kwanza, wa pili anamfufua. Nikawafukuza wote kwa mkupuo, akabaki mmoja ambaye jina lake ni herufi na namba tupu. Kumgusa, naulizwa: una uhakika? Jamani, mimi nina uhakika na nini katika maisha haya? Nikazima mashine, nikawasha. Faili liko huru! Ila programu nayo huamka pamoja na kompyuta, na nilipomaliza kufuta miwani, linatumika.

Nikaizuia isijiwashe. Mambo yakaanza kwenda. Zimebaki dakika 12. Zimebaki saa 9. Zimebaki sekunde 40. Vifaili vidogovidogo maelfu, kila kimoja kinataka kuandikishwa kivyake, na waya wenyewe ni USB 2.0, ule wa zamani wa mwendo wa kobe.

Uhamisho ukaisha. Programu ikafunguka, haikuona kitu, ikajitengenezea folda mpya tupu palepale pa zamani na kunikaribisha kama mgeni. Basi nikaifuta folda hiyo, nikaweka kiungo cha kuielekeza programu kwenye diski. Ikakubali, mpaka diski ilipochomolewa na kurudishwa, ikabadili herufi ambayo kompyuta huitambulia, kutoka E kuwa F. Kiungo kinaelekeza hewani.

Sasa niambieni, data ya nini yote hiyo? Diski laini ya zamani ilikuwa megabaiti 1.44 na ilibeba barua za ofisi nzima, na diski ikichomolewa hakuna aliyeulizwa kitu. Leo hata kipanya kina programu yake. Kinataka nifungue akaunti. Kinataka nenosiri, na liwe na herufi kubwa, namba na alama. Kipanya!