Bibi Harusi wa 1024 kwa 768

Nina steshenari ndogo Mbagala: fotokopi, picha za pasipoti, kadi za michango, na barua za kuomba kazi ambazo waombaji wenyewe hawazisomi. Laptopu yangu ina kioo cha inchi 14, na wateja wa kadi hawaji mmoja. Huja ukoo mzima, na kila mtu anataka kuona mbele ya mwenzake. Ndiyo maana nikaenda Kariakoo kununua kioo kikubwa cha mtumba, inchi 22, pamoja na waya wake wa kupitishia picha, ule wa VGA wenye kichwa cha bluu. Plagi hiyo ya pini 15 ilianza mwaka 1987 na mpaka leo imegoma kufa.

Nikachomeka, picha ikaja. Ila ilikuja imenenepa. Saa ya duara niliyoiweka kwenye kioo ikawa yai, herufi zikatanua miguu, na mpwa wangu, ambaye ndiye mfanyakazi wangu pekee, akaiangalia picha yake akauliza, "Mjomba, hiki kioo kinakula ugali?"

Nikaingia kwenye mipangilio. Pembeni mwa kioo kimebandikwa kikaratasi kinachosema 1920 kwa 1080, yaani pikseli, zile nukta za picha, upana kwa urefu, lakini orodha niliyoletewa ilikuwa na 800 kwa 600, halafu 1024 kwa 768, basi. Mchagua jembe si mkulima, nikachukua hiyo ya pili. Shida ni kwamba kipimo hicho ni cha vioo vya zamani, vya nne kwa tatu. Ukikitandaza kwenye kioo cha kumi na sita kwa tisa, kila uso unaongezewa theluthi ya upana wake, bure, bila kula.

Washauri hawakukosekana. Fundi simu wa jirani alitingisha kichwa akasema kadi ya picha ndani ya laptopu imeungua, niandae laki moja na nusu. Muuza chipsi akasema ni virusi. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuchapisha ripoti ya fildi akasema dawa ni kuweka Windows upya, na kwa bahati alikuwa na flashi mfukoni. Hao watu wa flashi mfukoni nawaogopa kuliko virusi wenyewe.

Nikiwa bado nahangaika, akaingia shangazi wa bibi harusi kukagua kadi ya sendofu. Akavaa miwani, akasogea, akarudi nyuma.

"Mwanangu, huyu ni wetu kweli? Mbona mmemlisha?"

"Shangazi, ni kioo tu. Picha yenyewe haina neno."

"Mimi nina macho. Mpunguze."

Nikaona nikimbilie kwa fundi simu kuazima waya mwingine wa kujaribia. Mpwa wangu nilimwachia amri moja: asiguse kitu. Shangazi naye akampa amri yake, na kati yetu wawili shangazi ndiye aliyekuwa amekaa karibu naye.

Fundi hakuwa na waya, alikuwa na bei mpya. Niliporudi nilimkuta shangazi anatabasamu, bibi harusi kwenye kioo amependeza, na printa inatema kadi kwa raha zake. Sikuuliza. Nilichomoa waya wangu, nikaupeleka mlangoni kwenye mwanga, nikauchungulia kichwani.

Safu ya tatu kulikuwa na pini imelala chali. Ni ile namba 12.

Niliwahi kusoma habari za pini hiyo. Kila kioo kina kumbukumbu ndogo ya baiti 128 inayoeleza wasifu wake: mimi ni nani, ukubwa wangu huu, pikseli zangu hizi. Laptopu huisoma kupitia pini namba 12 na namba 15. Moja ikilala, rangi zinapita kama kawaida, lakini laptopu haijui inaongea na nani, kwa hiyo inatoa vile vipimo vya tahadhari ambavyo karibu kila kioo kinaviweza. Kumbe kadi ya picha ilikuwa nzima, na laki moja na nusu yangu pia.

"Shangazi, una kitu chenye ncha nyembamba?"

Akatoa kibanio cha nyusi. Nikaisimamisha ile pini polepole, maana ikikatika imekatika, nikachomeka tena. Kioo kikazima, kikawaka. Orodha ikafunguka kwa urefu wake wote, na juu kabisa imekaa 1920 kwa 1080. Nikaibonyeza. Saa ikarudi duara.

Bibi harusi akabaki mstari wenye wanja.

Nikamgeukia mpwa wangu. "Umemfanya nini?"

"Shangazi alisema punguza, nikapunguza. Akasema bado. Nikapunguza tena, akasema hapo hapo, chapa."

Tukaenda kwenye printa wote watatu. Kadi 150, za karatasi ngumu yenye kung'aa, ile ya bei, na katika kila moja bibi harusi mwenye shingo ya twiga na mashavu yaliyokwenda likizo. Shangazi akashika moja, akaisogeza, akaivua miwani akaivaa tena.

"Huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima. Akaipiga picha kwa simu, akamtumia mwenyewe, tukakaa kusubiri. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya karatasi kimoyomoyo. Ujumbe wa sauti ukaingia, shangazi akaufungua kwa sauti ya juu:

"Jamani shangazi! Hivi ndivyo nilivyotaka nitoke. Mwambie huyo kaka asibadilishe chochote, chochote!"

Shangazi akalipa salio lote bila kuomba punguzo, akafunga kadi kwenye kanga. Alipofika mlangoni akasimama, akamwangalia mpwa wangu.

"Na mimi nipige moja. Unikate kwa kipimo hichohicho."

"Shangazi," nikaingilia, "ya pasipoti wataikataa."

"Nani kakwambia nasafiri? Ya WhatsApp."