Akasha walihukumiwa New York. Mombasa je?

Mwishoni mwa Januari 2017 wanaume wanne walitolewa Kenya wakapandishwa ndege hadi New York kujibu mashtaka ya dawa za kulevya: Baktash Akasha, mdogo wake Ibrahim, Vicky Goswami wa India na Gulam Hussein wa Pakistan. Walikuwa wamekamatwa Mombasa Novemba 2014, na kesi ya kuamua kama wapelekwe Marekani ilikuwa bado inaburutwa mahakamani. Hadi leo, lilete jina la Akasha barazani, penye kahawa chungu, uone watu wanavyogawanyika.

Wapo wanaosema serikali ya Kenya ilifanya la maana kuwatoa, na mimi nilikuwa wa upande huo. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa ni kuahirisha tu. Oktoba 2018 ndugu hao wakakiri wenyewe, tena si biashara ya heroini na methamfetamini peke yake: walikiri pia kuizuia haki kwa kuwahonga maofisa wa Kenya. Watu wa mtaani hawakuhitaji kuambiwa. Walishasema kitambo kwamba kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. Kule New York, Baktash alipigwa miaka 25, Agosti 2019; Ibrahim miaka 23, Januari 2020.

Wanaopinga nao usiwapuuze. Zile kelele za kuuza nchi hazinisumbui sana. Ila mtu mwenye kesi hai mbele ya hakimu akitolewa nchini kabla hakimu hajasema neno, basi njia imeshafunguliwa. Leo ni muuza unga, na unga hauna mtetezi. Kesho?

Lakini kinachonikera zaidi ni kitu ambacho pande zote mbili hukiruka: hasa walihukumiwa kwa mzigo gani? Watu wa DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, walipanga mtego, watu wao wakajifanya wanunuzi wa genge la Colombia, nao wakapewa kilo 99 za heroini na kilo mbili za methamfetamini. Mzigo huo, kwa maneno ya makubaliano, ulikuwa wa kupelekwa Marekani. Ndiyo maana kesi ikawa ya Marekani.

Unga ulioimaliza Pwani ni mwingine. Huo hutoka Afghanistan, hushuka hadi pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, hupakiwa jahazini na kuvushwa Bahari ya Hindi. Aprili 2014, miezi saba kabla ya ndugu hao kukamatwa, manowari ya Australia HMAS Darwin ilisimamisha jahazi moja nje ya Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini katikati ya mifuko ya saruji. Saruji! Mzigo ambao hakuna bandari ingeshangaa kuuona. Majahazi ya namna hiyo hayatii nanga gatini. Boti ndogo huyafuata huko nje, na wabebaji mara nyingi hulipwa kwa unga badala ya pesa. Sasa mvuvi aliyelipwa kilo ataiuza wapi, Ulaya? Ataigawa kete kwa kete, palepale mtaani kwao. Hivyo ndivyo nchi ya kupitishia mzigo inavyogeuka nchi ya mateja.

Matunda yake utayaona kwenye kliniki ya Malindi inayotoa methadoni, dawa ya kuwasaidia mateja kuachana na heroini. Mgonjwa hunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha huambiwa aseme kitu, lolote, ijulikane kwamba amemeza. Kesho tena, na keshokutwa. Mahakama ya New York haikuwa na sababu ya kumwita mtu huyu ushahidini. Si yeye aliyekosewa katika hati yao ya mashtaka.

Kwa hiyo kuwapeleka kulifaa kwa jambo moja: kuwaweka mbali na mifuko yao ya hongo. Kwa hilo sijabadilika. Ila aliyehonga alifungwa Marekani, na aliyepokea hakuwa mshtakiwa katika kesi ile. Kosa la kupokea lilitendeka hapa, chini ya sheria za Kenya, na kulishtaki hakuhitaji ndege wala DEA.